Saundiba ipi ununue? Anza na malalamiko yako, namba za boksi baadaye

TV za siku hizi picha ni kali mno ila sauti ndo balaa. Na sio kwamba wanaozitengeneza hawajui spika, wanajua sana, tatizo ni nafasi. Spika ili itoe sauti nene inabidi isukume hewa nyingi, na ili isukume hewa nyingi inataka koni pana na boksi lenye nafasi nyuma yake, sasa TV yenyewe ina unene wa sentimita chache na kioo kimejaa mpaka ukingoni, hizo spika utaziweka wapi? Zinaishia chini zikitazama sakafu, au nyuma zikitazama ukuta, kwa hiyo sauti inagonga kitu kingine kwanza ndo inakufikia, kama mtu anayeongea na wewe huku amekugeuzia mgongo. Zile TV za zamani zenye mgongo picha yake haikuwa lolote ukilinganisha na hizi, lakini nyingi spika zilikuwa mbele zinakutazama, na nyuma kulikuwa na boksi zima la kuipa sauti nafasi. Wanaosema TV ya zamani ilisikika vizuri zaidi hawadanganyi.

Saundiba ni jibu jepesi la hilo tatizo: spika kadhaa zimepangwa kwenye boksi moja refu, amplifaya iko humohumo ndani, unaiweka chini ya TV inakutazama, basi. Wazo lenyewe sio la jana. Yamaha walitoa YSP-1 mwaka 2004 ikiwa na spika ndogo 40 na kubwa 2 kwenye kipande kimoja, ilikuwa inarusha sauti kama miale kwenda kwenye kuta ili irudi kwako kutoka pembeni, na saundiba za bei ya juu za leo bado zinacheza na akili hiyohiyo.

Sasa watu wengi wakitaka kununua wanaanza na boksi. Wanasoma wati, wanasoma 5.1.2, wanaona nembo ya Atmos, wanachanganyikiwa, mwishoni wanachukua yenye namba kubwa kuliko zote. Mi nasema geuza. Jiulize kwanza unalalamikia nini ukiwa umekaa mbele ya TV yako, halafu nenda nyuma ya hiyo TV uangalie ina matundu gani. Hayo mawili yakishajulikana, modeli nyingi zinajitoa zenyewe kwenye hesabu kabla hujafika kwenye namba.

Malalamiko makubwa kuliko yote, na nadhani ndo yako pia, ni kwamba maneno hayasikiki. Unasikia mtu anaongea ila husikii anasema nini. Unaongeza sauti, ghafla bomu linalipuka nyumba nzima inaruka, unapunguza, wanaanza kunong'ona, unaongeza tena, filamu nzima uko na rimoti mkononi. Hapa kuna vitu viwili vinatokea kwa pamoja. Cha kwanza ni kwamba filamu na tamthilia nyingi zinatengenezwa kwa chaneli 5.1, yaani njia tano za sauti na moja ya besi, na humo maneno ya waigizaji karibu yote yanawekwa kwenye chaneli ya katikati, ni chaneli yao. TV yako ina spika mbili tu, kushoto na kulia, haina katikati, kwa hiyo inachukua ile chaneli ya maneno inaigawa pande zote mbili inaichanganya na muziki, mvua, magari na risasi. Cha pili, herufi zinazotofautisha neno na neno, hizi s, f, t, k, ch, nguvu yake ni ndogo na zinakaa juu, kuanzia kama Hz 2,000 (mitetemo ya sauti kwa sekunde) kwenda mbele, wakati a, e, i, o, u zina nguvu nyingi na zinakaa chini. Sauti za juu zinaenda kwa mstari ulionyooka, spika ikitazama sakafu zinapotelea hukohuko. Unabaki na irabu. Ndo maana unasikia mngurumo wa mtu anayeongea lakini maneno hayashikiki.

Kwa hiyo kama hiyo ndo shida yako, unachotafuta ni saundiba yenye spika halisi ya katikati, na hapo sasa zile namba zinaanza kuwa na kazi. Namba ya kwanza ni idadi ya chaneli za kawaida zinazokuzunguka usawa wa masikio, ya pili ni sabufa, yaani spika ya besi, ya tatu kama ipo ni chaneli za juu. 2.0 ni kushoto na kulia tu. 2.1 ni hizo pamoja na sabufa. 3.1 ni kushoto, katikati, kulia na sabufa. 5.1 inaongeza mbili za pembeni au nyuma, na 5.1.2 inaongeza mbili zinazorusha sauti juu. Ukiniuliza mimi, kwa nyumba nyingi 3.1 nzuri inashinda 5.1 ya kubabaisha, sababu kwenye 3.1 unaweza kuingia kwenye setingi ukapandisha chaneli ya katikati peke yake bila kugusa mabomu. Saundiba za 2.1 huwa nazo zina kitufe cha kukuza maongezi, na kinasaidia kweli, ila kinachofanya ni kuinua zile sauti za kati na za juu kwa kila kitu kinachopita, muziki na kelele zikiwemo. Ni afadhali kuliko kukosa, lakini usilipe bei ya 3.1 ukapewa hiyo.

Kuna setingi nyingine watu hawaigusi, ile ya usiku. Inabana tofauti kati ya sauti ndogo na sauti kubwa, minong'ono inapanda na milipuko inashuka. Jina linafanya watu wadhani ni ya usiku tu, wakati hata mchana kama una watoto wanaolala au majirani karibu inafaa sana. Hakikisha unayonunua inayo.

Malalamiko ya pili ni sauti nyembamba, haina besi. Hapa hakuna ujanja, fizikia haibembelezwi, besi inataka boksi kubwa. Saundiba peke yake hata iwe nzuri vipi ile miungurumo ya chini kabisa haifiki, lazima iwe na sabufa yake. Habari njema ni kwamba chini ya kama Hz 80 sikio la binadamu linashindwa kujua sauti inatokea upande gani, ndo maana sabufa moja inatosha na unaweza kuiweka pembeni popote isiharibu chochote. Ila "popote" nayo ina mipaka. Ukiisukumia kwenye kona ya chumba besi inaongezeka sana, na mara nyingi inakuwa ya kuvimba vimba isiyo na mpangilio. Kuna njia moja ya zamani inachekesha lakini inafanya kazi: chukua sabufa iweke pale unapokaa wewe, kwenye kochi kabisa, piga muziki wenye besi, halafu we tambaa sakafuni pembezoni mwa chumba ukisikiliza, pale besi inaposikika safi na sawasawa ndo pa kuiweka sabufa. Familia itakucheka, vumilia. Na jambo dogo linalosahaulika, sabufa isiyo na waya maana yake ni kwamba haina waya wa sauti tu, wa umeme bado unao, kwa hiyo hiyo sehemu iwe na soketi karibu. Spika za nyuma zisizo na waya nazo ni hivyohivyo, nyingi zinataka umeme wake.

Malalamiko ya tatu ni ya wale wanaotaka sauti iwazunguke kama ukumbi wa sinema, na hapa ndo pesa nyingi inapotea. Piga hesabu kidogo. Saundiba ya sentimita 90, umekaa mita 3 mbele yake, kutoka ncha hadi ncha kwa pale ulipo ni kama nyuzi 17 tu. Spika za sterio za kawaida zinapangwa ziwe nyuzi 60 hivi. Yaani sauti yote inatokea kwenye kijidirisha chembamba mbele yako, sasa hiyo ya kukuzunguka itatoka wapi? Inatoka kwa ujanja. Kuna saundiba zina spika kwenye ncha zinazotazama kuta za pembeni, sauti inagonga ukuta inarudi kwako ukahisi iko kulia au kushoto kabisa. Inafanya kazi vizuri chumba kikiwa na kuta mbili zinazolingana. Upande mmoja ukiwa wazi unaingia korido, au kuna pazia zito linalomeza sauti, upande huo unakufa. Nyingine hazina hata hizo spika za pembeni, zinatumia programu kudanganya masikio, na hiyo inategemea sana umekaa wapi, ukisogea kidogo tu uchawi umeisha. Ukiona 5.1 kwenye boksi lenye kipande kimoja na sabufa basi, ujue hizo tano zote ziko humo mbele. Anayetaka kuzungukwa kweli anunue yenye spika mbili za kuweka nyuma. Spika ndogo mbili za kawaida nyuma yako zinashinda ujanja wowote wa mbele.

Dolby Atmos nayo ni hivyohivyo, hebu tuielewe kwanza. Ilianza kwenye kumbi za sinema mwaka 2012. Zamani sauti ilikuwa inafungwa kwenye chaneli, hii ya kushoto, hii ya nyuma kulia. Kwenye Atmos mtengenezaji anaweza kuchukua sauti moja, mfano helikopta, akaiandika kama kitu kinachopita sehemu fulani ya chumba, juu ikiwemo, halafu mashine yako ndo inaamua kwa spika ulizonazo iitoe wapi. Wazo zuri sana. Sasa nyumbani hiyo sauti ya juu kwenye saundiba inatoka kwenye spika zilizolala juu ya boksi zikitazama dari, sauti inapanda inagonga dari inakushukia. Dari ikiwa tambarare, ngumu, ya urefu wa kati ya mita 2.4 na 4.3 hivi, unaisikia. Dari ikiwa ya mteremko, au ndefu mno, au ya kitambaa, au hakuna dari ni paa moja kwa moja, zile spika za juu zinaimba peke yake. Na kuna saundiba zenye nembo ya Atmos ambazo hazina spika hata moja inayotazama juu. Sio utapeli, ina maana inaweza kuusoma huo mfumo na kuuigiza, lakini mimi nembo tu singeongezea pesa.

Wati sasa. Namba inayopendwa kuliko zote na inayokwambia machache kuliko zote. Kwanza kuna wati za kilele, zile spika inaweza kuzifikia kwa kufumba na kufumbua, na kuna wati za RMS ambazo inazihimili muda mrefu, na boksi linachagua kuandika inayopendeza. Pili, sikio halihesabu kama kikokotoo. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu zaidi, na ili usikie sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kwa hiyo kati ya ya wati 300 na ya wati 400, vingine vyote vikiwa sawa, tofauti ni desibeli moja na kidogo, utaitafuta kwa tochi. Kwa sebule ya kawaida saundiba karibu zote zina nguvu ya kutosha. Wati zisikusumbue.

Haya, twende nyuma ya TV, na hapa taratibu maana ndo watu wananunua kitu kizuri halafu wanakisikiliza nusu. Tafuta tundu la HDMI lililoandikwa ARC au eARC. Sio HDMI zote, mara nyingi ni moja tu, ukichomeka nyingine sauti haiji na utadhani saundiba ni mbovu. ARC ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, kazi yake ni kurudisha sauti kutoka kwenye TV kwenda kwenye saundiba kwa waya uleule. eARC ikaja na HDMI 2.1 mwaka 2017, na tofauti ni upana wa njia: ARC inabeba kama megabiti 1 kwa sekunde, eARC inafika megabiti 37. Inasikika kama pengo la kutisha lakini subiri. Atmos ya apu za kustrimu kama Netflix inakuja imebanwa kwa Dolby Digital Plus, hiyo inapita kwenye ARC ya kawaida bila shida kama TV yenyewe inaikubali. eARC unaihitaji kweli ukiwa na diski za Blu-ray zenye Dolby TrueHD, au mashine ya gemu inayotoa sauti ya chaneli nyingi bila kubanwa. Kama we ni mtu wa kustrimu na kuangalia mpira, usibadilishe TV kwa ajili ya eARC.

TV isiyo na ARC kabisa ina optikali, ule waya unaotoa taa nyekundu. Huo unabeba sterio, au 5.1 iliyobanwa kama ya Dolby Digital ya kawaida, basi. Dolby Digital Plus haipiti, kwa hiyo Atmos haipiti, kwa hiyo usinunue saundiba ya Atmos uiunganishe kwa optikali, utakuwa umelipia vitu ambavyo havitawahi kufika. Na kwa optikali mara nyingi utakuwa na rimoti mbili, maana haibebi amri za kuongeza na kupunguza sauti. HDMI inabeba, kwa kitu kinaitwa CEC, ila kila kampuni imekibatiza jina lake, Samsung wanaita Anynet+, LG wanaita Simplink, Sony wanaita Bravia Sync, ukilikuta kwenye menyu liwashe.

Bluetooth iache kwa ajili ya muziki wa simu. Kwa TV sauti inachelewa, mdomo unafunga ndo neno linakuja. Na hapa kuna kitu kizuri kukijua: saundiba nyingi zina setingi ya kurekebisha sauti na mdomo, lakini inachoweza kufanya ni kuchelewesha sauti tu. Kama sauti inawahi picha, ambayo hutokea sana sababu TV inatumia muda kuichakata picha, setingi hiyo inakuokoa. Kama sauti ndo inachelewa, hamna namna ya kuiharakisha, itabidi utumie waya.

Ukishachomeka ingia setingi za sauti za TV, tafuta sehemu ya sauti ya dijitali inayotoka. Ikiwa imewekwa PCM, kwa ARC na optikali utapata chaneli mbili tu, na ile spika yako ya katikati uliyoilipia itabaki kukisia. Weka Auto, Bitstream au Pass-through, jina linatofautiana. Zima spika za TV zenyewe, zikilia pamoja na saundiba unapata kamwangwi kanakochafua maneno upya. Na kama unaangalia filamu kutoka kwenye flashi na picha inakuja bila sauti, mshukiwa wa kwanza ni DTS, mfumo mshindani wa Dolby. Samsung waliiondoa kwenye TV zao kuanzia 2018, LG nao 2020 kabla ya kuirudisha kwenye baadhi ya modeli 2023. Saundiba yako inaweza kuwa inaijua DTS vizuri tu, lakini TV iliyo katikati imeizuia njiani. Dawa ni kifaa kinachocheza hizo filamu kichomekwe moja kwa moja kwenye saundiba, kama ina tundu la HDMI la kuingizia. Ikiwa nalo, na una mashine ya gemu, angalia tundu hilo linapitisha 4K kwa kasi gani, nyingine zinakubana kwenye fremu 60 kwa sekunde wakati TV yako inaweza 120, kwa hiyo gemu ichomeke kwenye TV na sauti irudi kwa eARC.

Vipimo vya kawaida navyo vina watu vimewaaibisha. Pima nafasi kati ya miguu ya TV. Pima urefu kutoka mezani hadi chini ya kioo, saundiba ikipanda juu kuliko hapo itaziba kijicho cha rimoti. Usiiingize ndani ya kabati au rafu, hasa yenye spika za juu, hiyo inageuza dari yako kuwa ubao wa rafu. Iweke ukingoni mwa meza, sio imerudi nyuma.

Usisahau kuuliza kama unaweza kuiongezea vitu baadaye. Saundiba nyingi zinakubali sabufa na spika za nyuma za kampuni ileile tu, na hata humo modeli fulani tu. Kama bajeti ni ndogo sasa hivi, 3.0 au 3.1 inayoweza kukua ni bora kuliko seti kamili ya bei rahisi ambayo kila kipande chake ni dhaifu. Na wale ambao muziki ndo wanaupenda kuliko filamu na wana nafasi, mi ningewaambia wasinunue saundiba kabisa, watafute amplifaya ya sterio yenye HDMI ARC na spika mbili za rafu waziweke mbalimbali, kwa muziki hakuna saundiba ya bei hiyo itakayowafikia.

Dukani usikubali kuonyeshwa video ya milipuko, kila saundiba inapendeza kwenye milipuko, na duka lenyewe lina kelele. Omba taarifa ya habari au tamthilia ya watu wawili wanaongea, sauti iwe ndogo kama unavyosikiliza nyumbani, halafu sogea kushoto na kulia uone maneno yanabaki yaleyale. Ukifika nayo nyumbani, kama ina maikrofoni ya kupima chumba, zima feni, nyamazisha watu, iache ipime ukiwa umeshapanga makochi na mapazia, maana ukihamisha sabufa baadaye inabidi ipime upya. Maneno yakiwa bado yanakukimbia baada ya hapo, pandisha chaneli ya katikati hatua mbili tatu na ushushe sabufa hatua moja.